Jina Lililoandikwa Nyuma ya Meli

Zuhura alibisha hodi mlangoni kwangu hapa Chatsworth Jumamosi saa nne asubuhi, na kabla sijatoa komeo nilikwisha kumjua, ingawa hatukuwa tumeonana hata siku moja. Ana sauti ya kaka yake, ile inayoanza chini na kupanda mwishoni, hata salamu ikawa kama swali. Nilimfungulia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amejitanda mtandio mweusi, ana begi dogo la safari na mfuko wenye kilo mbili za mchele wa nyumbani, pilipili manga na doti ya kanga iliyokunjwa vizuri. "Shikamoo dada Tatu," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama ametangulia mbele ya haki. Arobaini tumeisoma wiki iliyopita." Nikasema yanayosemwa, nikamkalisha kwenye kiti kizuri, nikaenda jikoni kubandika chai. Maji yakawa yanafurika kwenye sufuria na mimi nimesimama tu nayatazama. Bi Hadija wa Tandika sikuwahi kumtia machoni, lakini kwa miaka ishirini na saba nilikuwa mtu wake wa Durban, na kila Iddi alinipigia simu mwenyewe.

Zuhura hakuzunguka. Alikuwa amefuatana na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata nguo Johannesburg; wenzake wakabaki huko, yeye akapanda basi kuja kwangu. "Mama ameacha wasia," alisema nilipoleta vikombe. "Chumba cha kaka Sefu asilale mtu, nyumba isiguswe, mpaka kaka apelekewe habari huko aliko. Kasema niende kwa Tatu, Tatu ndiye ajuaye. Na mimi nimetafuta, dada. Huo mji nimeuona. Una barafu, una bandari, una majumba marefu. Sasa niambie tu nianzie wapi." Akanionyesha simu yake. Kwenye kioo palikuwa na ramani ya mashariki ya mbali kabisa ya Urusi, na ukingoni mwa bahari alama nyekundu imechomekwa juu ya jina moja: Nakhodka.

Sefu hayuko Nakhodka. Hakuwahi kufika. Mimi ndiye niliyemweka huko, kwa mdomo wangu huu huu unaokula na kusali, na nikamwacha huko miaka yote mama yake akimtandikia kitanda kila Ijumaa. Zuhura alikuwa na miaka tisa kaka yake alipoondoka; amezeekea kwenye nyumba ile akimlinda mama anayelinda chumba. Yaliyonitoka siku ile mbele yake yalitoka ovyo, mwisho ukitangulia mwanzo. Hapa nitajaribu kuyapanga, si kwa kujitetea. Sina cha kujitetea.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijiona mjanja. Tulilala wanawake sita kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya saba, barabara ya Point, ambayo siku hizi imebadilishwa jina lakini mimi naiita vile vile. Kila mmoja alikuwa na kitanda chake na shuka za kujizibia, kwa hiyo mwenzio hukumwona, ulimsikia tu: huyu analia, huyu anasali, yule anamsimulia Mungu habari za mumewe. Lifti ilikufa kabla hatujahamia. Jikoni tulipokezana, Wakongomani watatu walipika sombe, yaani kisamvu, na makayabu, samaki wa chumvi ambaye harufu yake ilikaa kwenye nguo hata ukipanda taksi watu wanageuza shingo, na sisi wengine tulipika wali na maharage, na juma likiisha wote tunakula pap, ugali wa huku, kwa sababu ndiyo iliyobaki. Nyuso zao nimezisahau nyingi, maneno bado ninayo. "Weye Tatu, unaimba nini kila asubuhi?" aliniuliza Mama Bea, mmoja wa wale Wakongomani, kutoka nyuma ya shuka lake. "Iko nyimbo ya wapi ile?" Nilikuwa naimba majina ya miji ya Urusi. Nilikuwa nayakariri nikichana nywele.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha klabu ya mabaharia karibu na geti la bandari, nyumba ya zamani yenye meza ya biliadi, simu za kupigia nyumbani, na chumba cha kusomea ambamo hakuna aliyesoma. Ukutani mwa chumba hicho palikuwa na ramani ya Urusi ndefu kuliko kitanda changu, iliyoachwa na moja ya meli za kwanza kufika kutoka huko baada ya nchi hii kufungua milango. Mlinzi wa mlangoni alikuwa Papa Mwepu, Mkongomani wa Lubumbashi, mzee wa miaka hamsini na ushei. Alikuwa mtaalamu wa miamba. Alisoma Urusi miaka sita, akarudi kwao akafanya kazi migodini, akakimbia vita, na sasa alivaa koti la ulinzi ambalo mikono yake haikumfika viganjani. Kirusi chake kilikuwa kizuri kiasi kwamba mabaharia walimsogelea kumsikiliza tu, halafu wakamwomba awafungulie choo.

Saa ya chakula tulikaa chini ya ile ramani tukila bani chow ya maharage, robo ya mkate iliyochimbwa katikati ikajazwa mchuzi, na yeye alinifundisha herufi moja kwa siku. Nilizishika upesi. Herufi zilipoisha, tukaingia kwenye maana, na hapo ndipo niliponogewa. "Hii miji mingi inaisha na sk, ao grad, ao gorod," alisema. "Gorod ni mji. Zamani sana ilikuwa lupango: batu banajifungia, banazungusha miti." Nikamwambia kwetu tungesema boma, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akanionyesha Arkhangelsk, mji wa Malaika Mkuu, kwa sababu palikuwa na nyumba ya watawa waliomtukuza malaika Mikaeli. Akanionyesha Krasnoyarsk, mji wa ukingo mwekundu wa mto. Kholmsk, mji wa kilima. Novorossiysk, Urusi Mpya. Na Nizhny Novgorod, Mji Mpya wa Chini, ambao una karne na karne na bado wanauita mpya. Petropavlovsk nilidhani ni mji wa mitume Petro na Paulo. Akanisahihisha: ulipewa majina ya meli mbili zilizotia nanga pale, meli ndizo zilizoitwa kwa mitume. Nililipenda jambo hilo, mji kubatizwa jina la meli.

Yeye hakuyapenda majina hayo. Aliyafundisha kwa uchungu, kidole kikigonga ukuta. "Angalia, ma fille, binti yangu. Vladivostok. Vladi: tawala. Vostok: Mashariki. Haiko jina, iko ordre, amri." Akasogeza kidole juu, penye weupe mtupu. "Yakutsk. Batu ba kule banajiita Sakha. Lakini benye kufika bakauliza majirani, bale ni nani? Majirani bakasema jina yao. Donc ikaandikwa ile ya majirani." Akamega mkate. Nje kreni za bandari zilikuwa zinalia. "Jina ya mji njo matanga, Tatu. Kama jina iko mupya, uliza nani alikufa." Nilikuwa kijana, nikaona mzee ana sumu moyoni. Mimi niliona tu kwamba dunia imejaa mahali penye majina mazuri na kwamba mimi, mfagizi, nilikuwa na ufunguo wake.

Sasa, chini ya daraja la barabara inayoingia bandarini waliishi vijana wa Kitanzania kama thelathini, wengi wa Dar na Tanga, waliojiita mabaharia ingawa hawakuwa wamefanya kazi hata kwenye kivuko. Walikuwa wazamiaji. Walikaa pale miezi, wengine miaka, wakisubiri meli ya kujificha ndani iwapeleke popote pasipo hapa. Walikuwa na ada zao. Mzamiaji haagi, anasema anakwenda kununua mkate. Meli haichaguliwi kwa ukubwa bali kwa jina la bandari lililoandikwa nyuma yake, chini ya jina la meli yenyewe. Na mwenzao akishapotea siku tatu wanamwandika ukutani kwa rangi, jina lake na mbele yake jina la ile bandari, na kuanzia siku hiyo huko ndiko aliko. Hakuna aliyebishana na ukuta. Kwa hesabu ya ukuta ule, nusu ya vijana wa Temeke walikuwa Panama na waliobaki Monrovia, na hakuna aliyejiuliza Panama ina nini hata kila kijana wa Temeke afikie huko.

Meli za Kirusi ziliwashinda. Nyingine, hasa zile kuukuu, ziliandika kwa herufi zao tu. Kwa hiyo wakaanza kuja kwangu na vipande vya maboksi walivyonakili juu yake yale maandishi kama mtu anavyonakili picha. Nami nikawasomea, na kwa kuwa sikujua kunyamaza, nikawapa na maana. Wakaniita Mwalimu. Mtu mzima ananipisha njia: "Pita Mwalimu, sharp." Halafu wakaniomba niwapigie simu mama zao, kwa sababu mimi nilikuwa karibu na simu na nilikuwa na sauti ya kuaminika. Simu ya kwanza ilikuwa kwa mama mmoja wa Tanga. Nikamwambia mwanao yuko Arkhangelsk, mji wa Malaika Mkuu. Yule mama alipiga kigelegele mpaka nikaondoa simu sikioni. Nani asingependa kuwa mimi siku ile?

Papa Mwepu alinisikia. Alingoja niweke simu chini, akaniita chini ya ramani. "Ile jina ya nyuma ya bateau, ya meli, unafikiri iko nasema inaenda wapi?" Nikasema ndiyo, si ndiko kwao? "Hapana. Njo fasi makaratasi yake inalala, kule banaiandikisha. Bateau inaweza kumaliza miaka kumi haijafika kule. Panama iko na bateau mingi, batu kidogo. Bambie bale batoto." Nilimwelewa. Nataka ijulikane kwamba nilimwelewa vizuri, siku ile ile, mkate ukiwa mkononi. Nikashuka mpaka darajani kuwaambia. Wakanipisha njia, mmoja akanifutia ndoo nikae, nikakaa, nikawasomea kipande kingine cha boksi. Nikajiambia nitasema kesho.

Sefu alikuwa mmoja wao, ingawa hakufanana nao. Alikuwa fundi cherehani bila cherehani. Alipokuja kwetu mara ya kwanza aliona zile shuka zangu zinavyoning'inia kwenye misumari, akatikisa kichwa, akazichukua, akazirudisha siku ya tatu zikiwa mapazia ya kweli yenye pindo na matundu ya kamba, yote kwa sindano ya mkono. Mama Bea akasema nyuma ya shuka lake, "Huyu usimwache, mwenye kushona hivi anapenda hivi," na chumba kizima kikacheka, na mimi nikaona haya mpaka shingoni. Nilimpenda. Kila Ijumaa nilimwingiza klabu ampigie mama yake, na baada ya kumaliza ananipa mimi simu, na Bi Hadija ananiambia, "Nikazie huyo mtoto, mwanangu. Mwambie kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Sefu akisikia hayo anageuza uso. Hakuwa na kibali, polisi walikuwa wamempakia garini mara tatu, na mara ya mwisho walimvunja jino. Kurudi mikono mitupu Tandika hakutaka hata kukusikia. Na kuogelea hakujua. Baharia wetu huyo maji yakimfika kiunoni anashika ukuta.

"Nitafutie jina zuri, Tatu," aliniambia siku moja tumekaa kwenye ngazi za ghorofa, tunakula mkate na achari. "Mimi naenda. Nimechoka na mahali pasiponitaka." Nikamwomba asiende. Nikamwomba kwa adabu, kisha kwa hasira, kisha nikalia. Akanifuta machozi kwa ncha ya fulana yake, akasema, "Nitakutumia nauli, unifuate," na nikajua ameshakwenda. Wiki ile bandarini kulikuwa na meli mbili za Kirusi. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya Novorossiysk, inapakia upesi. Ya pili ilikuwa ganda la kutu lililokaa ng'ambo ya bandari, upande wa Bluff, wiki tatu, nyuma limeandikwa Nakhodka. Mpishi wake, mzee mwenye mkono mmoja usionyooka, alikuja klabu kila mchana kwa sababu hakuwa na wa kumpikia. Nilimsikia akizungumza na Papa Mwepu, nikauliza anasema nini. "Anasema injini ilikufa. Banangojea kipuri, na kipuri haikuje. Anasema ile bateau haitaenda tena popote."

Basi nikafanya hesabu yangu. Sefu akiingia ya Novorossiysk nimempoteza. Akiingia lile ganda atakaa gizani siku mbili, tatu, njaa itamshika, joto litamshika, meli haitatikisika, atatoka mwenyewe na kurudi kwangu na aibu yake, na mimi nitampikia wali. Hivyo ndivyo nilivyopanga. Nikampa jina. Nikamweleza kama Papa alivyonieleza: hapo zamani meli ilipotea kwenye dhoruba na ukungu, ikawa inahangaika ufukweni, mara ikaingia kwenye ghuba tulivu isiyokuwa kwenye ramani yoyote, na mabaharia wakaiita Nakhodka, yaani kitu kilichopatikana. Sefu alinisikiliza mpaka mwisho. "Kilichopatikana," akarudia. Kisha akasema basi, hiyo ndiyo yake. Ile ya Novorossiysk hakuitazama tena.

Aliondoka Alhamisi alasiri, zamu za makuli zinapobadilishana, yeye na mwenzake Mudi. Akaniambia anakwenda kununua mkate. Nilitabasamu, Mungu anisamehe, kwa sababu nilidhani mimi ndiye ninayejua. Ijumaa nilifanya kazi nikiimba. Jumamosi nikanunua nazi, nikakuna, nikapika wali na samaki, nikaufunika. Mchana ule ule yule mpishi akaingia klabu na begi begani, amenyoa ndevu. Aliongea na Papa Mwepu kwa furaha, wakakumbatiana. Papa hakunitafsiria mpaka nilipomshika mkono. Ile meli ilikuwa imeuzwa kama chuma chakavu. Watu wapya wachache walikuja na kipuri, wakaiwasha, na Ijumaa wakati wa sala ikang'oa nanga kwenda kukatwa vipande nchi nyingine. Yeye alikuwa anarudishwa kwao kwa ndege. "Juu ya nini unanishika hivi?" Papa aliniuliza.  Nadhani aliona jibu.

Wali ule waliula wenzangu. Siku ya tatu ukutani chini ya daraja kukaandikwa kwa rangi ya bluu: Sefu – Nakhodka. Mudi – Nakhodka. Waliniita nihakikishe kama wameandika sawa. Nikahakikisha.

Miezi miwili baadaye nilikuwa napanda ngazi na ndoo ya maji, mchana kweupe, nikamkuta Mudi amekaa ghorofa ya nne. Alikuwa amekonda na ngozi ya uso imebambuka. Nikakaa ngazi moja chini yake. Alinieleza akitazama ndoo. Walitoka mafichoni siku ya tano, maji yalipokwisha. Wale watu wa meli walikuwa wachache, na waliwaogopa wazamiaji kuliko wazamiaji walivyowaogopa wao. Waliogopa kwamba wakifika bandarini na wazamiaji melini watatozwa faini. Asubuhi moja nchi kavu ilipoonekana kwa mbali walifunga mapipa na mbao kuwa chelezo, wakawashusha juu yake, wakawapa galoni moja la maji, wakawaonyesha kwa kidole kule ardhini. Sefu aliwaambia kwa Kiswahili kwamba hajui kuogelea. "Aliwaambia vizuri tu, sista, bila kelele, kama anamwambia konda wa basi," Mudi alisema. Mapipa yalifunguka kabla ya jua kuwa juu. Mudi aliokotwa na wavuvi pwani ya Msumbiji. "Sefu alinishika bega, halafu hakunishika tena." Kisha akasema, "Mwambie wewe mama yake. Mimi siwezi. Mimi niliutoa mkono wake begani, Tatu." Wiki iliyofuata akatoweka, na hata leo sijui yuko wapi. Ukuta ulisema Nakhodka, ukaendelea kusema hivyo.

Nilikwenda kupiga simu Jumanne. Nilikuwa nimeyapanga maneno, nimeyakariri kama nilivyokariri miji. Bi Hadija aliipokea kabla haijaita mara mbili. "Tatu? Amefika? Niambie amefika, mwanangu, nimefunga siku tatu kwa nadhiri." Nikasikia redio nyuma yake na mtoto akikohoa, ndiye huyu Zuhura. Nikafungua mdomo. "Amefika, mama." "Wapi?" "Nakhodka." "Ndiyo nini?" Nikamwambia maana yake ni kilichopatikana. Akarudia kwa sauti, akawaambia waliokuwa chumbani, Sefu amepatikana, na wakaanza kushangilia, na mimi nikiwa nimesimama klabu, uso umegeukia ramani. Papa Mwepu alikuwa mlangoni. Kuanzia siku ile hakunifundisha tena neno hata moja. Bani chow yake akawa anailia nje, kwenye jua, na mwaka ulipoisha akahamia mji mwingine bila kuniaga, na hakukosea.

Watu husema njia ya mwongo fupi. Yangu imekuwa ndefu mno. Bi Hadija alikuwa akiuliza vitu vidogo: huko kuna msikiti, anapata mchele, amepata mwenzi? Nami nikajibu. Nilimjengea mwanawe mji mzima, nikamweka kwenye chumba chenye dirisha, nikamnunulia koti. Mara mbili nilikata shauri kusema kweli. Mara ya kwanza alikuwa ametoka hospitali, mara ya pili nilikuwa nimechelewa miaka kumi na tano, na sikujua mtu anaanzaje. Barabara ilipopanuliwa Tandika majirani wakahama, yeye akakataa asije Sefu akapotea nyumba. Sefu hakuwahi kusomewa hitma. Mtu anaomba dua ya safari kwa maiti miaka ishirini na saba, na aliyemfundisha kufanya hivyo ni mimi.

Nilipomaliza kumwambia Zuhura, chai ilikuwa imeota utando. Hakulia. Aliitazama ile alama nyekundu kwenye simu yake mpaka kioo kikazima, akakigusa kikawaka, kikazima tena. "Wako nyumbani wote wananisubiri," akasema. "Mjomba Shomari, wajomba wadogo, shangazi. Nimewaambia leo nitapata anwani." Nikamwambia nitaandika barua, nitaeleza kila kitu. "Hapana," akasema. "Mimi siwapelekei. Waambie mwenyewe." Akapiga, akaweka sauti juu, akailaza simu mezani kati ya vikombe. Nikasikia salamu nyingi kwa pamoja, nikasikia mtu akisema shusheni hiyo redio.

Nikasema. Sikutumia maneno mengi. Nilisema Sefu hakufika popote, alikufa maji mwaka ule ule alioondoka. Mjomba Shomari, ndugu yake Bi Hadija, ndiye aliyeongea. Sauti yake ni ya mzee aliyezoea kuamua mambo ya watu. "Alikufia wapi?" Nikasema baharini. "Bahari ya wapi? Mahali pale panaitwaje?" Nikasema mahali pale hapana jina, mjomba, au kama lipo silijui. Akauliza tena: "Na wewe umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka ule ule."

Hakunitukana. Hakuna aliyenitukana, nami nilikuwa nangoja. Nilisikia sahani ikiwekwa chini, mtoto akiambiwa toka nje. Kisha mzee akasema taratibu, Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, na mmoja baada ya mwingine wakamfuata, wanaume kwanza, halafu wanawake, na Zuhura naye pale mezani kwangu akaitikia, kichwa ameinamisha. Nikafungua kinywa ili niitikie nami. Zuhura akainua macho akanitazama. Nikakifumba.